Mkomwe na mahali pake

Watoto wetu wa mjini huzijua komwe zikiwa tayari ndani ya bao: 64, za kijivu, laini mkononi. Mmea unaozizaa hawaujui. Na anayeujua, ndugu msomaji, aghalabu ameujua kwa kuraruliwa kanzu.

Mkomwe hausimami wenyewe kama mti. Hutambaa na kupanda juu ya vichaka vya jirani. Shina lake limejaa miiba, na hata vikonyo vya majani vina miiba iliyopinda kama ndoana. Maua yake ni ya manjano. Ganda la mbegu nalo limevikwa miiba, ndani mna komwe moja au mbili. Makazi yake ya asili ni ule ukanda mwembamba wa vichaka ulio baina ya mchanga unaofikiwa na bamvua na mashamba. Komwe ikiangukia baharini huelea, na ganda lake halipitishi maji, basi husafiri mbali. Ndiyo sababu mkomwe umeenea katika pwani za nchi za joto duniani kote, na komwe zimewahi kuokotwa hata katika fukwe za Uskoti, ambako mmea wenyewe haumudu baridi. Linnaeus alipouandika mwaka 1753 aliupa jina bonduc, kutokana na Kiarabu bunduq, kokwa ya mviringo iliwayo. Neno hilohilo ndilo lililotuletea bunduki.

Ukanda ule ndio unaokatwa viwanja leo. Kabla ya ukuta kusimama, kichaka hufyekwa na kuchomwa moto, na mwenye kiwanja husema ameondoa udhia. Lakini udhia tulioamrishwa kuuondoa ni ule wa njiani. Tawi lililovuka njia ya msikitini au ya kisimani likatwe, hapana ubishi. Kichaka kizima kilicho nje ya njia, kinachoshika mchanga usipeperuke, kimemkosea nani?

Mwenye shamba la pwani na aache walau mstari wake mpakani, mbali na wanapocheza watoto. Asiye nao aweza kupanda: komwe huchubuliwa kwa tupa upande mmoja hadi weupe wa ndani uonekane, kisha hulowekwa usiku kucha. Isipochubuliwa yaweza kukaa ardhini muda mrefu bila kuota. Ukishafunga, ua huo hapiti ng'ombe wala mwizi, na komwe za bao hazinunuliwi tena sokoni.