Msiigawe Ngitili: Barua kutoka Winnipeg

Ndugu zangu wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega,

Tangu mlipoona zile picha za safari yetu kwenye kundi la ukoo, kila anayepiga simu anauliza jambo lile lile: mimi na baba watoto tulifuata nini kwenye nyika ile ya Kanada, kutoka Winnipeg hadi Calgary, zaidi ya kilomita 1,300 kwa gari, na ndege zipo?

Yeye alitaka kuona ng'ombe. Mtu aliyekulia Meatu nyuma ya mifugo ya babu yake hawezi kula nyama ya dukani miaka nenda rudi asiulize ilikotoka. Tukajaza chai kwenye chupa, tukabeba karanga na michembe, tukaondoka. Tuligombana kwa sababu ya redio tu. Mimi nataka muziki, yeye anataka kusikia bei ya ngano, utadhani ana magunia yanayosubiri mnunuzi.

Ukitoka Lamadi kwenda Bariadi huishiwi watu: baiskeli, kundi la ng'ombe linalovuka bila haraka, mama na beseni la nyanya, watoto wa shule. Huku barabara imenyooka, na mtu wa kumpungia mkono humwoni. Jimbo la Saskatchewan, tulilolipita njiani, lina zaidi ya kilomita za mraba 650,000, na watu wake ni milioni 1 na kidogo. Mkoa wetu wa Simiyu hauna hata sehemu ya ishirini ya eneo hilo, nasi tumezidi milioni 2. Kwa sensa ya kilimo ya 2021, wastani wa shamba moja kule ulipita ekari 1,700. Familia moja na mashine zake inalima ardhi ambayo kwetu ingebeba kijiji na shule yake. Ndiyo maana vijiji vyao vingi vimenyauka, na yale maghala marefu ya mbao yaliyosimama kando ya reli mengi yamebomolewa. Baba watoto aliposikia kwamba wanalima hata dengu, alikaa kimya, jambo ambalo si kawaida yake.

Lakini nyika ile haikuumbwa tupu. Ilikuwa na nyati wa kule, wenye manyoya mazito mabegani, wanaokadiriwa kuwa makumi ya mamilioni. Katika karne ya 19 walipigwa risasi kwa ajili ya ngozi hadi wakakaribia kwisha kabisa, na mifupa yao ikaokotwa na kupakiwa kwenye treni ikatengenezwe mbolea. Mahali ulipo mji wa Regina paliitwa Rundo la Mifupa. Wacree na Waassiniboine, walioishi kwa nyati hao, walitia saini mkataba wa mwaka 1874, kisha njaa ikawasukuma kwenye maeneo waliyotengewa. Fikirini nyumbu wa Serengeti wamekwisha wote, na sisi tunaokota mifupa yao tuiuze.

Walowezi walipewa ardhi kwa sheria ya 1872: ekari 160 kwa ada ya dola 10. Wakalima hadi penye mchanga. Ukame wa miaka ya 1930 ulipokuja, hapakuwa na mizizi ya kushika udongo, upepo ukaubeba. Mwaka 1935 serikali ikaunda chombo cha kuokoa mashamba hayo. Kikazungushia uzio ardhi iliyochoka, kikaotesha majani upya, kikaigeuza malisho ya pamoja ya wafugaji.

"Sasa hiyo si ngitili?" akauliza baba watoto.

Ni ngitili hasa. Na historia yetu haiko mbali na yao. Enzi za mkoloni miti ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, pamba ikafuata, ng'ombe wakaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 Shinyanga, ambayo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake, ilianza kuitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986 haukuleta jambo geni; ulirudia desturi ya wazee ya ngitili, yaani kufunga kipande cha malisho kwa ajili ya ndama na maksai wakati wa kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti na majani.

Kuna jambo linaloniuma. Mwaka 2012, mwaka ule ule Simiyu ilipozaliwa, serikali ya Kanada ilitangaza kwamba inajitoa katika malisho yale ya pamoja. Wafugaji wakabaki kuhangaika na kodi na mikataba. Nyasi za asili zikishalimwa kule hazirudi zilivyokuwa, hata fedha zikimwagwa, na wao fedha wanazo.

Tulikata kusini kutoka Swift Current hadi hifadhi ya Grasslands, ambako nyati walirudishwa mwaka 2005. Baba watoto akasema wamenona. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Nasikia huko nyumbani kuna wanaotaka ngitili zigawanywe ekari ekari, zilimwe pamba na dengu. Najua ardhi imebana na vijana wanadai urithi wao. Hata hivyo, kabla trekta haijaingia, iteni mkutano wa dagashida, wazee na vijana wakae pamoja, na wanawake nao wapewe nafasi ya kusema, maana kuni ni zao. Mkiulizwa maoni ya sisi tulio mbali, andikeni kwamba tumekataa.