Kilatini kishuke mpaka kwenye mashimo

Hapa Songo, mutoto akisema anasoma Latin-Philo, watu wanamuuliza: hiyo Kilatini utaikula? Sisi wa sindikati tunasema asome, lakini atuletee na sisi. Mudimbe, muzaliwa wa Likasi, muji wa migodi, aliisoma na Kigiriki mpaka akafundisha Marekani.

Kule Ureno, mahali panaitwa Aljustrel, mwaka wa 1876 na wa 1906 watu waliokota mabamba ya shaba yenye maandiko ya Kilatini. Ni sheria za mugodi wa Vipasca, ile ya pili ni ya wakati wa Kaisari Hadrian, miaka karibu 1.900 imepita. Zinasema nini? Shimo lishikiliwe na miti, na muti ukioza, mwenye shimo aweke ingine. Mwenye kuchimba fedha akae mbali na mufereji wa kutoa maji, futi 60 kila upande. Mwalimu wa shule pale mugodini asitozwe kodi. Haikuwa paradiso: mutumwa akiharibu miti, alipigwa fimbo na kuuzwa mbali.

Septemba 2020, pale Kamituga, mvua iliingia mashimoni na ndugu zetu makumi wakafia ndani. Kode yetu ya madini, ya 2002 na marekebisho ya 2018, iko kwa Kifaransa. Ni wangapi kati yetu wameisoma?

Basi wanafunzi na maprofesa, konferansi zenu zisiishie kwenye ukumbi wa shule. Mukuje Songo siku ya yenga, wakati tumerudi kutoka Misisi, mutusomee hizo sheria mbili kwa Kiswahili. Na mwanafunzi mwenye kutafuta kichwa cha TFC, hiki hapa: miti ya shimo ni nani anailipa, PDG ao muchimbaji, zamani Vipasca na leo Misisi?