Mapenzi Yaliyokatazwa Yasisukumwe Zamani za Msiri

Lubumbashi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa katika ukumbi wa parokia moja, komini ya Katuba, kinasa sauti mkononi. Nilialikwa na vijana wa kundi moja la michezo ya kuigiza. Mwaka mzima wamekuwa wakionyesha mchezo wao katika masomo na parokia za jiji. Sasa wanataka kuugeuza kuwa opera: maneno yote yaimbwe, kwaya za mtaa ziungane, na magita, ngoma na likembe vishike kazi ya okestra. Nilikwenda kutafuta habari ya dakika mbili. Nilirudi na hasira ambayo haiingii katika dakika mbili, ndiyo maana naandika.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuusimulia. Kijana wa Katanga na binti ambaye baba yake ni mtu wa Kasai wanaimba katika kwaya moja. Wanapendana. Mama wa kijana anakataa. Baba wa binti naye anakataa. Hakuna anayekunywa sumu, hakuna anayechomwa kisu. Mwishoni kijana anapanda basi kwenda kutafuta kazi Kolwezi, binti anabaki mlangoni, na sisi watazamaji tunajua kwamba mambo yao yamekwisha. Nimeuona mara tatu. Mara zote tatu ukumbi ulikaa kimya kwanza, kiisha ukapiga makofi.

Basi Jumamosi hiyo, wazee wa kamati inayowasaidia vijana kupata ukumbi na pesa walikuja na masharti mawili. La kwanza: hadithi itolewe katika Lubumbashi ya leo, ipelekwe zamani za mfalme Msiri, kule Bunkeya, na majina ya Kasai na Katanga yafutwe. La pili: mwishoni kuwe na arusi, sababu opera ni sherehe, na watu hawatoi franga zao ili waende kulia. Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu, alimwambia mwandishi wa mchezo hivi: "Mwanangu, teatre yako ni ya muzuri sana. Lakini ile maneno ya makabila, utoe. Watu watakasirika." Mwandishi, binti wa miaka ishirini na mitano, akainamisha kichwa akajibu: "Ndiyo, papa." Hakuna aliyebisha. Mimi nabisha.

Sibishi opera. Wako watu waliosema pale mlangoni kwamba opera ni mambo ya Wazungu. Hao wamesahau wanakaa wapi. Ni katika jimbo hili Joseph Kiwele alitunga Missa Katanga. Kule Kamina, kwaya ya Troubadours du Roi Baudouin iliimba Missa Luba mwaka 1958, na santuri yake ikazunguka dunia. Magita ya Katanga, tangu Jean-Bosco Mwenda, hayahitaji mtu wa kuyatambulisha. Kundi la Mufwankolo lilituonyesha, kwenye redio na televisheni, kwamba Kiswahili chetu cha Lubumbashi kinaweza kubeba mchezo mzima bila kuomba ruhusa kwa Kifaransa. Na kule Kinshasa, okestra ya Wakimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994, inapiga Beethoven. Sauti tunazo. Vyombo tunavyo.

Lakini opera ina sheria yake. Neno linaloimbwa linachukua muda mrefu kuliko neno linalosemwa. Mchezo wa saa mbili, ukiuimba wote jinsi ulivyo, utawakesha watu mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo lazima kukata. Na hapo ndipo penye hatari, kwa maana anayeshika mkasi anaandika mchezo mara ya pili. Anaweza kukata maneno ya ziada. Anaweza pia kukata ukweli, akasema amekata maneno ya ziada.

Jambo hili si geni. Niwape mfano mmoja ambao kila mpenzi wa opera anaujua. Mwaka 1847 alikufa mjini Paris mwanamke kijana aliyeitwa Marie Duplessis, mwenye miaka 23. Alikuwa akitunzwa na matajiri, na watu wa heshima walimjua usiku, mchana hawakumsalimia. Alexandre Dumas, yule mtoto, alimpenda kwa muda. Mwaka 1848 akaandika kitabu juu ya mapenzi ya namna hiyo, kiisha akakigeuza kuwa mchezo wa kuigiza. Serikali ikauzuia, na haukupanda jukwaani mpaka Februari 1852. Mwanamuziki wa Italia, Giuseppe Verdi, akauchukua, na mwandishi wake Francesco Maria Piave akaukata: matendo matano yakawa matatu, na majina yakabadilishwa. Hiyo ndiyo La Traviata, iliyoimbwa mara ya kwanza Venice tarehe 6 Machi 1853.

Verdi alitaka waimbaji wavae nguo za siku zile, nguo zilezile walizovaa watazamaji. Wakubwa wa Venice wakakataa. Wakaamuru hadithi irudishwe nyuma, karibu na mwaka 1700. Kwa nini? Hawakuogopa mapenzi. Kama mapenzi yangekuwa tatizo, wangefuta mchezo wote. Waliogopa bwana mmoja aliyeketi mbele na mkewe ajitambue jukwaani. Nguo za zamani zilikuwa pazia la pili: unatazama, unalia kidogo, unasema "watu wa zamani walikuwa wakali," unarudi nyumbani na amani yako.

Sasa pimeni: Venice waliambiwa mwaka 1700, sisi tunaambiwa Bunkeya ya Msiri. Ni mkasi uleule.

Na tazameni ni nani anayekataza katika opera hiyo. Si jambazi. Ni baba. Baba wa kijana anakuja kwa mwanamke, kwanza kwa ukali, kiisha kwa adabu. Anamwomba amwache mwanawe, sababu ana binti wa kuoza, na familia ya mchumba itavunja arusi ikisikia habari hii. Halafu anamwendea mwanawe na kumwimbia habari za kwao, Provence, ili arudi nyumbani. Nani kati yetu hajaimbiwa habari za kijijini ili aache mtu anayempenda? Hakuna tusi hata moja. Katazo la kweli linakuja namna hiyo, na sauti ya upole na mkono begani: "Mtoto wangu, mimi sina shida na yeye, lakini watu watasemaje?"

Verdi hakumchekesha baba huyo, wala hakumfanya shetani. Alimpa muziki mzuri. Na alijua anachokifanya, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa akikaa na mwimbaji Giuseppina Strepponi bila ndoa, na watu wa mji wake, Busseto, hawakunyamaza. Walioana mwaka 1859 tu.

Mchezo wa vijana wetu una baba huyo, na una mama pia. Mama wa kijana anakataa kwa sababu anasema "wale" walikula kazi zote za reli na za migodi, na ndugu zake wakabaki bila kitu. Baba wa binti anakataa kwa sababu mwaka 1992 alitolewa katika nyumba yake Likasi, akalala stesheni na watoto akingoja treni. Kila mmoja ana kidonda chake, na kila mmoja anamwekea mtoto wake kidonda hicho kama urithi. Ukiwapeleka watu hao Bunkeya, watakataa kwa sababu gani? Utalazimika kutunga mganga, au laana, au ugomvi wa wafalme. Utabaki na katazo lisilo na sababu, na watoto wetu watafikiri kwamba mapenzi yanavunjwa na mizimu, kumbe yanavunjwa na sisi.

Nitasema jambo la nyumbani, kiisha nitaendelea. Shangazi yangu alikuwa na mchumba mtu wa Kasai. Mwaka 1992 na 1993, katika jimbo ambalo wakati ule liliitwa Shaba, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu na maelfu, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapahapa. Mchumba akapanda treni. Shangazi akaambiwa na wakubwa wa familia: ukimfuata, usirudi. Hakumfuata. Ameolewa, ana wajukuu, anauza samaki sokoni, ni mtu wa kucheka. Nilipomsimulia mchezo wa vijana hawa aliuliza swali moja tu: "Na mama wa kijana, mwishoni anajuta?" Mpelekeeni shangazi yangu opera ya Msiri. Atapiga makofi kwa heshima, na ataondoka na swali lake mkononi.

Najua woga wa wazee wetu, na siudharau. Mimi ni mtu wa redio. Najua neno moja likitoka hewani halirudi, na najua nyumba zinaweza kuungua kwa sababu ya neno. Lakini kutaja na kutukana ni vitu viwili. Mchezo huu unataja pande mbili, na pande zote mbili zinakosea, na pande zote mbili zina machozi. Hakuna anayetoka humo akiwa mshindi juu ya mwingine. Kama kuna mstari mmoja unaotukana, tuketi tuuondoe huo mstari, nami nitakuwa wa kwanza kushika kalamu. Kama mnaogopa fujo, wekeni mazungumzo baada ya kila onyesho, waiteni viongozi wa jamii zote mbili waketi mbele. Kimya tumekijaribu miaka yote hii, na vijana bado wanaulizwa kabila mlangoni kabla ya kuulizwa jina.

Wengine watasema opera haiwezi kubeba habari za leo na majina yake ya kweli. Inaweza. Mwezi Januari 2024, kule Geneva, iliimbwa opera mpya iitwayo Justice, muziki wa Hèctor Parra, maneno ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa jiji hili letu. Inahusu lori la asidi lililopata ajali mwaka 2019 kule Kabwe, kwenye barabara ya Kolwezi, watu wapatao 20 wakafa. Hawakuligeuza lori kuwa mtumbwi wa mfalme. Lori lilibaki lori. Je, Geneva wasikie habari zetu jinsi zilivyo, na sisi Katuba tupewe zilizosafishwa?

Sasa hii arusi ya mwisho. Katika La Traviata mwanamke anakufa, na baba anafika akiwa amechelewa, akijua alichokifanya. Ungewaoza, baba angejutia nini? Angecheza ngoma na wengine, na kila mzazi ukumbini angejiambia kwamba mambo hujitengeneza yenyewe. Arusi ya jukwaani ingetoa ruhusa ambayo mtaa haujatoa. Kama wazee wanataka arusi, njia ipo wazi: wawaruhusu watoto wao. Hapo hatutahitaji opera.

Na kuna jambo moja ambalo opera itafanya vizuri kuliko mchezo, mkiiacha ifanye. Katika mchezo, majirani ni wamama wawili wanaonong'ona kwenye bomba la maji. Katika opera, majirani wanaweza kuwa kwaya nzima: soprano, alto, tena na besi, watu hamsini wanaoimba kwa utamu kwamba hawa wawili wasioane. Watakuwa wamevaa vitambaa vyetu vya Jumapili. Mtazamaji atamwona humo jirani yake, dada yake, labda na yeye mwenyewe. Atapenda wimbo kabla ya kuelewa unasema nini, na akielewa, atakuwa tayari ameanza kuuimba. Hakuna hotuba inayoweza kumfikisha mtu pale. Jengo la 30 Juin, katikati ya jiji, lilijengwa kuwa teatre, wakaja kukaa wabunge wa jimbo. Hotuba za umoja zimesemwa humo vya kutosha. Tuachieni ukumbi wa parokia kwa jambo lingine.

Kwa hiyo, wazee wangu wa kamati, nawaomba kwa heshima: ondoeni masharti hayo mawili. Vijana wakate maneno, wasikate mahali wala mwaka. Mama na baba wanaokataza wapewe nyimbo nzuri kuliko zote, ili tusiwachukie upesi na kujisahau sisi wenyewe. Kiswahili kiwe hiki cha hapa. Basi la Kolwezi liondoke, na binti abaki mlangoni.

Na wewe, binti mwandishi, ulisema "Ndiyo, papa" kwa adabu, na adabu ni kitu kizuri. Lakini mchezo wako wote unahusu watoto wawili waliosema "Ndiyo, papa," na "Ndiyo, mama." Rudi kwenye mkutano ujao, piga goti ukisalimia jinsi tulivyofundishwa, kiisha sema hapana.

Mimi nitakuwa pale na kinasa sauti changu. Shangazi nimemwambia aje pia.