Nyota alipata jina lake kwenye kitabu cha pembeni

Juma iliyopita vijana wawili walikaribia kupigana ngumi hapa Bambu, fasi ya kuchajia telefone. Haikuwa juu ya franga, haikuwa juu ya shimo, haikuwa juu ya mwanamke. Ilikuwa juu ya Star Trek. Mmoja iko na sehemu za zamani kwenye telefone yake, zile za kapteni Kirk na Spock mwenye masikio marefu. Mwingine amezoea kunisikiliza nikisimulia hadithi za vitabu. Wa kwanza akasema: kitu ambacho hakikuonyeshwa kwenye televisheni hakikutokea, hivyo vitabu ni vya pembeni, vya kutafuta franga tu, havihesabike. Wa pili akamjibu: kumbe hata Nyota hahesabike?

Nilikuwa nimekaa pale nangoja telefone yangu ijae. Wakaniomba nikate maneno, kwa sababu wanasema mtu wa sindika anajua kukata maneno. Nikasema nitajibu kwenye gazeti, ili na wengine wasikie.

Kwa mama na papa ambao hawajaona: Star Trek ni hadithi ya meli inayosafiri kati ya nyota, miaka mamia mbele yetu. Ilianza kwenye televisheni ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na mpaka leo haijaisha. Seri moja inakufa, nyingine inazaliwa, na filamu za sinema katikati. Kando ya hizo kuna vitabu. Mwaka 1967 mwandishi James Blish alianza kugeuza sehemu za televisheni kuwa hadithi za kusoma. Mwaka 1970 akaandika yake mwenyewe, kuhusu kifo cha Spock, ambayo haikuonekana kwenye televisheni hata siku moja. Tangu hapo vimetoka vitabu mamia. Vinaandikwa kwa ruhusa ya wenye mali, jina lao liko kwenye jalada, franga zinaingia kwao. Lakini wenye mali hao hao wanasema: kinachohesabika ni kilichoonyeshwa. Kilichoandikwa kitabuni hakitufungi.

Mimi mwenyewe sikuvisoma kwa macho. Ni vya Kiingereza, na diplome yangu ni ya Kifaransa. Mtoto wa dada yangu ndiye anavisoma. Walivuka ziwa Albert wakati wa vita, akakulia Kyangwali, Uganda, akasoma masomo kule. Anasoma kitabu, halafu ananitumia audio: «Mujomba, sikiliza sura ya tatu.» Basi mimi nilizipata hadithi hizi kwa sikio, na kwa sikio ninazipitisha.

Sasa turudi kwa Nyota. Kwenye meli ya Kirk kuna mwanamke mweusi anayeshughulika na mawasiliano, luteni Uhura. Aliyemcheza ni Nichelle Nichols, aliyefariki Julai 2022. Mwenyewe alisimulia kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa na kitabu mkononi kinachoitwa Uhuru, na aliyeanzisha seri, Gene Roddenberry, akalipenda neno. Wakabadilisha herufi ya mwisho, uhuru ukawa Uhura. Sisi wenye lugha hakuna aliyetuuliza, lakini tuache. Mwaka huo huo wa 1966, katika moja ya sehemu za mwanzo kabisa, anasikika akizungumza Kiswahili. Mwaka 1967 tena, mashine moja inamfuta kumbukumbu, anapofundishwa upya kusoma anarudia Kiswahili.

Lakini jina la kwanza hakupewa. Kirk iko na James. Mwanamke huyu ni Uhura tu, miaka na miaka, kama mfanyakazi anayeitwa kwa matrikule. Mashabiki waliona aibu. Wengine wakamwita Penda, kwenye hadithi walizoandika wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1982 William Rotsler akatoa kitabu kidogo cha vijana chenye maisha ya watu wa meli, na humo akamwita Nyota. Kitabu cha pembeni cha pembeni! Waandishi wengine wakalichukua jina hilo, mashabiki wakalishika. Miaka 27 ikapita. Mwaka 2009 filamu kubwa ikatoka, Spock akamwita Nyota mbele ya dunia nzima, na siku hiyo ndipo wakubwa wakasema: sasa ni kweli.

Ninamuuliza kijana wa kwanza: kati ya 1982 na 2009, huyu mama hakuwa na jina?

Na siyo yeye peke yake. Sulu, anayeendesha meli, jina lake Hikaru lilitoka kwenye kitabu cha Vonda McIntyre cha 1981, na sinema ikalikubali mwaka 1991. Tajiri anasema shimo hili halina kitu, halafu anarudi usiku na karai.

Nakubali kwamba kijana ana haki kidogo. Vitabu vingine ni vibaya, mpwa wangu mwenyewe analalamika. Vingine viliandikwa mbio mbio ili vitoke pamoja na filamu. Vingine vinapingana: huku mtu amekufa, kule anaoa. Ukivichukua vyote kuwa kweli, kichwa kitapasuka. Kwa hiyo sisemi kila kitabu ni sawa na kila filamu. Nasema hadithi ipimwe kwa uzito wake, kama dhahabu inavyopimwa. Hakuna anayeuliza dhahabu ilipita mlango gani.

Mimi nina sababu yangu ya kupenda za pembeni. Televisheni inakaa juu, kwenye kiti cha kapteni. Vitabu vinapata muda wa kushuka chini.

Kuna sehemu moja ya Machi 1967 ambayo kila mchimbaji angepaswa kuiona. Ni kwenye sayari ya mgodi. Watu wanakufa ndani ya mashimo, zaidi ya hamsini, wanachomwa na kitu kisichoonekana. Wakubwa wanaita meli ije kuua hilo zimwi. Kumbe ni mama. Anaitwa Horta, ni kama jiwe linalotembea, anatoboa mwamba kwa asidi yake. Wachimbaji walipofungua tabaka jipya walikuta mawe ya mviringo, wakayavunja bila kujua ni mayai yake. Spock anaweka mikono juu yake na kusikia uchungu wake. Daktari anamtibu jeraha kwa simenti (hapo vijana wa karakoli yetu wanacheka sana). Mwisho wanapatana: watoto wa Horta watoboe mashimo, watu wachukue madini.

Televisheni ikaondoka, haikuuliza watoto walikuwa nani. Kitabu kikauliza. Mwaka 1984 Diane Duane aliandika hadithi ambamo mmoja wa watoto hao, Naraht, ni ofisa kijana kwenye meli ya Kirk. Anakula mawe, ana adabu, anafanya kazi yake vizuri. Mtoto aliyezaliwa ndani ya shimo, ambaye ndugu zake walivunjwa kwa nyundo, leo amesimama fasi ya kapteni kama mwenzake. Niliposimulia hiyo kwa mara ya kwanza, papa mmoja mwenye kifua kibovu kwa vumbi aliniambia nirudie. Nikarudia. Na huyo Naraht, kwa sheria ya wenye mali, hayuko.

Televisheni nayo ilijaribu kusema juu ya kazi, nisiidharau. Mwaka 1996, katika seri ya Deep Space Nine, wafanyakazi wa baa wanaunda sindika, wanagoma, tajiri wao ambaye ni kaka wa kiongozi wao anakubali kila walichodai, kwa sharti moja: sindika ivunjwe, ili aonekane hakushindwa. Nao wanakubali! Mimi nisingekubali. Karatasi ya leo bila sindika ni karatasi ya kufungia karanga kesho. Lakini wengi kwenye komite yetu wanasema nina kichwa kigumu.

Seri hiyo hiyo inafanyika kwenye kituo ambacho zamani kiliitwa Terok Nor, na watu wa Bajor walilazimishwa kusafisha madini mle chini ya jeshi lililokalia nchi yao. Kwenye televisheni tunaonyeshwa vipande vya kumbukumbu tu. Mwaka 2008 vilitoka vitabu vitatu vinavyosimulia miaka hiyo ya utawala tangu mwanzo: waliotii, waliokimbilia porini, waliouza wenzao. Mpwa wangu alinitumia audio nyingi, usiku mzima. Nilisikia ndani yake Kilo-Moto ya babu zetu.

Maana na sisi tuko na seri yetu ndefu. Kwenye vitabu vya kampuni inaanza hivi: mwaka 1903 wazungu wawili, Hannam na O'Brien, waliona dhahabu hapa kwetu. Mwaka 1905 uchimbaji ukaanza. Mwaka 1926 ikawa société, mwaka 1966 ikawa office. Hiyo ndiyo ya televisheni. Nani alibeba mizigo, nani alipigwa fimbo na kapita, nani alifukiwa, hiyo iko pembeni, kwa bibi.

Miaka kadhaa iliyopita, sisi wa sindika tulikusanya maneno ya wazee waliokuwa wakidai malipo yao ya mwisho. Tulijaza daftari tatu. Kila mmoja alisema alianza mwaka gani, kapita wake nani, shimo gani. Mama mmoja mjane hakukumbuka mwaka wowote, lakini alituimbia majina ya mashimo kwa mpangilio, kama mume wake alivyokuwa akiimba asubuhi akienda kazi, na kwa wimbo huo tulijua alifanya kazi fasi gani na pamoja na nani. Tukapeleka daftari kwenye ofisi moja. Karani alisoma kurasa mbili, akafunga. «Hii haiko dosiye,» akasema, «hii ni hadithi.» Majina hayakuwa kwenye orodha yake. Orodha yenyewe ilikuwa nusu, nyingine iliungua wakati wa vita. Kwa hiyo aliyebaki kwenye karatasi isiyoungua alifanya kazi, na aliyekuwa kwenye karatasi iliyoungua hakufanya. Wazee wawili kati ya hao wameshafariki.

Ndiyo maana sicheki mtu anaposema «haihesabike».

Kuna kitabu cha 1985 cha Janet Kagan ambacho kinamhusu Nyota mwenyewe. Taifa moja linakufa kwa ugonjwa. Dawa iko kwenye sayari walikotoka mababu zao, lakini hakuna anayejua iko wapi, wala hawataki kuitaja. Zamani Nyota alijifunza nyimbo za kale kutoka kwa rafiki yake wa taifa hilo, na ndani ya nyimbo hizo ndimo wanapata njia. Nilipoisikia nilimkumbuka yule mjane, nikazima telefone kidogo.

Na mashabiki wa huko Ulaya na Marekani nao wameonja. Tangu miaka ya 2000 mwanzoni, waandishi wa vitabu walikuwa wameunganisha hadithi zao kuwa maisha mamoja marefu baada ya filamu ya 2002: watu walioa, walizaa, walizeeka. Mwaka 2020 seri mpya ya kapteni Picard ikatoka na maisha mengine kabisa. Basi mwaka 2021 waandishi walitoa vitabu vitatu vya mwisho, vinavyoitwa Coda, ambamo watu wa vitabu wanagundua kwamba dunia yao inapaswa kufutwa ili nyingine zipone, nao wanakubali. Wasomaji wengi walilia. Wengine walikasirika: kwa nini mtuue, mngetuacha tu kimya? Wenzao wa Star Wars yaliwapata Aprili 2014, vitabu vyao vya zamani vyote vikapewa jina la Legends, maana yake masimulizi tu.

Mimi niko upande wa waliokasirika, lakini kidogo. Waandishi wale angalau walikataa watu wao wafe bila kuandikwa. Waliwapa kifo chenye kazi. Kilichoniuma ni wasomaji waliosema baadaye: basi miaka 20 nimesoma bure. Bure kivipi? Ulilia au hukulia? Mwenye mali ana haki ya kuamua filamu ijayo itasema nini. Kuamua kilichokuingia wewe usiku ukisoma, hiyo haki hana, na ukimpa ni wewe umempa.

Kwa kijana wa kwanza nina jibu lingine ambalo sikutaka kulitoa mbele ya watu. Baba yake mkubwa ni wa 17 kwenye daftari letu la pili. Jana nilimwita nyumbani, nikamfungulia ukurasa. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari, akauliza kama hilo shimo bado liko. Nikamwambia limejaa maji. Akanyamaza. Halafu akaniomba nimtumie audio za Naraht. Telefone yake ilikuwa imejaa, ikabidi afute filamu mbili ili ziingie.