Daftari la Wiki: Maua ya Vuli Ugweno

Jumatatu. Mvua za vuli zimeshika, na vijana wa mjini wananiuliza waende wapi kupiga picha za maua ya porini. Pandeni Ugweno. Mkifika Mwanga, kabla hamjaanza kupanda mlima, tazameni nyikani: waridi la jangwa limechanua bila hata jani moja, shina limevimba kama mguu wenye matende, maua ya waridi yamejaa kwenye ncha. Utomvu wake ni sumu. Wawindaji wa zamani waliupaka kwenye mishale. Msivunje tawi.

Jumatano. Shighatini, saa moja asubuhi, kando ya ndiva. Usiku bwawa hili la udongo hujaa maji ya kijito, asubuhi hufunguliwa yaende mifereji ya mashambani. Wageni hupita hapa mbio wakitafuta maua juu msituni, kumbe yako kwenye kingo zinazovuja. Nilipiga magoti kwenye tope mbele ya kiua kimoja cha waridi: petali tano bapa, na kwa nyuma kimkia chembamba kama uzi, chenye asali. Tumba lake la mbegu likiiva, ukiligusa tu linapasuka na kujikunja kidoleni kama kiwavi. Wingu ndilo linaloipa picha rangi. Jua lilipotoka, nilifungua mwavuli nikakitia kivulini.

Akaja bibi kufungulia maji.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Unapiga picha majani?”

Nikamwuliza ua linaitwaje. Akalitaja kwa Kigweno. Mjukuu wake, jembe begani, akacheka, hakuwahi kulisikia. Nikaliandika, nikamsomea bibi, akanisahihisha mara mbili. Kigweno kiko karibu na Kichaga kuliko Kipare, na vijana wengi huku wanazungumza Kipare na Kiswahili tu. Nina mamia ya picha za maua ya milima hii, na karibu zote hazina jina la kienyeji. Hilo liliniuma siku nzima.

Alhamisi. Mpungi ni msitu wa matambiko wa ukoo. Usiingie bila wazee kukuruhusu, hata kama umeona ua la ajabu hatua tatu ndani. Miti na maua yamebaki humo kwa sababu watu waliheshimu mpaka.

Alizeti pori, yale manjano ya kando ya barabara, yasubirini baada ya masika. Ni mazuri mno, lakini asili yake ni Mexico. Msiyaandike kuwa maua ya Upare.

Jumamosi. Chini ya migomba, udongo umepasuka, na kikonyo kisicho na jani kimebeba mpira mwekundu wa viua vidogo, kila kimoja na nyuzi zake ndefu zenye chavua ya manjano. Siku chache tu utanyauka. Nimeupiga picha kwa karibu, nimeichapisha kwenye karatasi. Kesho nampelekea bibi wa ndiva, na kalamu ninayo.