Risala ya Waumini wa Amani kwa Mgeni Rasmi, Sikukuu ya Mavuno

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Askofu, wachungaji na makatekista, poleni na barabara ya kutoka Muheza.

Mezani mbele yenu pana iliki, mdalasini na pilipili manga. Iliki hukua kwenye kivuli cha miti mikubwa. Ukiangusha mti, nayo basi. Faida ya msitu hatukuijulia seminani.

Mungu alimweka Adamu bustanini ailime na aitunze. Kazi mbili, mtu mmoja. Kwetu zimegawanywa: anayetunza kavishwa sare, anayelima kaletewa samansi. Majuzi mjane mmoja wa hapa kanisani alinyang'anywa panga na kamba kwa mzigo wa kuni kavu.

Hatujifanyi watakatifu. Wakati wa msako wa dhahabu pale Sakale, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wetu walifukua vijito hadi maji yakawa uji wa matope, na mto Zigi ndio unaonywesha Tanga mjini. Hata mabenchi mliyokalia, Baba Askofu, mbao zake zilikuja kwa bei ya chini mno na hakuna aliyeuliza zilikotoka. Tunaomba usibariki tena jengo lolote kabla ya kuoneshwa stakabadhi ya mbao. Uanze na sisi.

Mgeni Rasmi, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka tusilime ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Tunaikubali. Lakini kwa mwenye kishamba cha bondeni, mita 60 ndizo shamba lenyewe. Basi sehemu ya ankara ya maji ya mjini irudi kwa anayeuacha ukingo.

Kuna na msizi, mti wa kigeni ulioletwa na Wajerumani waliofungua taasisi yao ya kilimo hapa mwaka 1902. Hondohondo hula matunda yake na kumwaga mbegu, kisha kila penye pengo msituni unajaa wenyewe. Tupeni kibali tuuvune kwa kuni na mbao, kwa sharti la kupanda miti ya asili.

Na wafuga vipepeo waliobaki na pupa mikononi katazo la 2016 la kusafirisha wanyama hai nje ya nchi lilipotoka ghafla, safari nyingine waambiwe mapema.

Mche wa msambu, mti wetu wa asili, uko pale mlangoni. Shimo tumeshachimba, Mgeni Rasmi. Tunaomba uupande kabla ya chakula.