Hisabu ya Siku: Barua kwa Jamaa wa Tanga na Pangani

Silver Spring, Maryland

Kwa wazee wangu, ndugu zangu na jamaa wote,

Nawaandikia juu ya jambo ambalo huku ughaibuni limewapotezea haki watu wengi wakweli, na ambalo ninyi mlioko nyumbani, ingawa hamkukusudia, mna sehemu ndani yake. Maana kijana wenu anapodhulumiwa kazini Marekani, mtu wa kwanza kumpigia simu si wakili wala chama cha wafanyakazi, bali ni mama yake au mjomba wake, na nasaha anayopewa, kwa mapenzi na kwa hekima ya umri, ni kwamba avute subira. Subira mliyotulea nayo siidharau. Lakini katika madai ya ubaguzi ya mtumishi wa serikali ya nchi hii, kungoja nako ni kitendo, na matokeo yake aghalabu ni kwamba madai hutupwa kabla mwenyewe hajasikilizwa hata neno moja.

Vijana wetu wengi wamo katika utumishi wa serikali kuu: wako wanaochambua barua za posta usiku kucha, wako wauguzi katika hospitali za askari wastaafu, wako makarani. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 haikuwafikia watumishi hao kama ilivyowafikia wafanyakazi wa makampuni. Iliwafikia mwaka 1972, Bunge lilipoirekebisha, na tangu hapo mtumishi anayebaguliwa kwa rangi, dini, jinsia au asili ya taifa lake ana njia yake mbali ya kudai. Njia hiyo ni nyembamba. Mfanyakazi wa kampuni hupewa siku 180, na mahali pengi 300, kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Fursa Sawa za Ajira. Mtumishi wa serikali kuu ana siku 45 tu, tangu siku ya tendo lenyewe, za kumwendea mshauri wa usawa wa idara yake. Mtu angedhani kwamba serikali iliyoitunga sheria ingejibana zaidi kuliko inavyombana mfanyabiashara. Mambo yamekuwa kinyume, nami sijapata kusikia sababu ya kuniridhisha.

Baada ya mshauri kushindwa kupatanisha, mlalamikaji hupewa ilani, na tangu aipokee ana siku 15 za kuandika malalamiko rasmi. Kisha idara hupewa siku 180 za kuchunguza. Kisha mlalamikaji ana siku 30 za kuchagua ama kusikilizwa mbele ya hakimu wa Tume, ama kuiacha idara iamue yenyewe. Siku hizi zote ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwamo, isipokuwa siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali, hapo husogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Lakini palipo na maafa makubwa ni kwenye rufaa. Idara ikiyatupilia mbali malalamiko, au ikitoa uamuzi wake wa mwisho, mtumishi asiyeridhika ana siku 30 tangu alipoipokea barua ya uamuzi kukata rufaa kwa Tume. Rufaa huipeleka kwenye Tume yenyewe, wala si kwa mkubwa aliyemhukumu, na nakala huipa idara. Akituma kwa posta, kinachotazamwa ni mhuri wa posta. Sasa, watu wetu wenye elimu ndio wanaonaswa hapa kuliko wengine, kwa kuwa hudhani kwamba rufaa haiendi mpaka hoja zake zote ziwe zimekamilika, zimepambwa na kusahihishwa. Hukesha wakiandika kurasa juu ya kurasa, na siku ya thelathini na moja huipeleka hati ambayo mwalimu yeyote angeisifu na ambayo Tume haitaisoma. Laiti wangejua kwamba ilani ya rufaa ni karatasi fupi tu, na kwamba sheria huwapa siku 30 nyingine, tangu ilani ilipowasilishwa, kupeleka maelezo yao! Anayependa kwenda mahakamani badala ya Tume ana siku 90, nazo huanza siku ile ile ya kupokea. Wengi wamesikia habari ya hizo 90 wakadhani ndizo za rufaa.

Na kupokea ni nini? Hapo nawaomba mnisikilize kwa makini. Mwaka 1986 idara ya askari wastaafu ilimfukuza kazi mtumishi mmoja aitwaye Irwin, naye akadai kwamba alibaguliwa kwa rangi yake na kwa ulemavu wake. Barua ya Tume ya kumkatalia ilifika ofisini kwa wakili wake tarehe 23 Machi 1987, ilhali wakili yuko safarini nje ya nchi. Mwenyewe Irwin alisema aliipata tarehe 7 Aprili. Wakati huo muda wa kwenda mahakamani ulikuwa siku 30, naye alishitaki tarehe 6 Mei, siku ya 29 kwa hisabu yake, na siku ya 44 kwa hisabu ya ofisi ya wakili. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1990 ikaamuliwa kwamba mwenye wakili huhesabiwa amepokea siku ofisi ya wakili ilipopokea, hata kama kiti cha wakili ni kitupu. Mahakama ilikubali kwamba muda waweza kurefushwa kwa ajili ya insafu, hata dhidi ya serikali. Lakini uzembe wa kawaida, ikasema, si sababu. Mwaka uliofuata Bunge likazifanya zile 30 kuwa 90. Irwin hazikumfaa kitu.

Tena Tume imeshika kwamba barua ikifika kwenye anwani sahihi na kupokewa na mtu wa nyumbani mwenye umri na akili za kutosha, hudhaniwa kuwa imempata mwenyewe, mpaka atakapothibitisha vingine. Basi fikirini: mtoto wenu amefiwa na baba, amekata tiketi usiku ule ule, amekuja Pangani kuzika, na ninyi mnamsihi, kama desturi inavyotaka, asiondoke kabla ya khitma ya arobaini. Arobaini ya marehemu ni siku 40, na rufaa ni siku 30. Barua imefika Maryland wiki ya kwanza ya msiba, mkewe ameitia sahihi na kuiweka mezani kwa heshima, kwa kuwa hakutaka kumwongezea mumewe uzito. Siwaambii mkatize matanga. Nasema mkewe aifungue barua, amsomee kwa simu, naye aijaze ilani ya rufaa hata akiwa amekaa mkekani pamoja na waliokuja kumpa pole.

Yako pia mambo yaliyolegezwa. Marvin Green, postamasta mweusi wa Colorado aliyeitumikia posta miaka 35, alinyimwa cheo huko Boulder mwaka 2008, akalalamika kuwa ni kwa ajili ya rangi yake. Baadaye akatuhumiwa kuchelewesha barua, na mwezi wa Desemba 2009 akatia sahihi mapatano ya kwamba ama astaafu, ama aende kituo cha mbali Wyoming kwa mshahara mdogo zaidi. Aliandika barua ya kujiuzulu tarehe 9 Februari 2010, akamwona mshauri siku 41 baadaye, ambazo zilikuwa siku 96 tangu yale mapatano. Serikali ilisema amechelewa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikahukumu kwamba kwa mtu aliyelazimishwa kujiuzulu, siku 45 huanza pale anapotoa taarifa ya kujiuzulu. Zingatieni lakini kwamba ilimchukua miaka sita kupata jibu la swali hilo moja tu la tarehe, kabla ya mtu kuuliza kama kweli alibaguliwa.

Kupeleka shauri kwa chama cha wafanyakazi, au kumwandikia mkubwa wa mkubwa wako kwa adabu na kungoja jibu lake, hakusimamishi hisabu ya zile 45. Wala hili lisiwe geni kwenu, maana hapo nyumbani aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu kufika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mnawajua waliozimaliza wakizunguka ofisi hadi ofisi wakiomba kuonana na meneja.

Kwa hiyo mtoto wenu akiwapigieni simu na sauti yake imebadilika, msimwambie kwanza avumilie. Muulizeni jambo limetokea tarehe gani, na kama kuna barua, ameipokea lini. Mkishapata tarehe, mpeni nasaha zenu zote.

Mjomba aliniuliza safari iliyopita, kwa ule ukali wake, kwamba serikali yenyewe ikichelewa hufanywa nini. Huchelewa mara nyingi, mjomba. Hakimu wa Tume anayo mamlaka ya kuiadhibu idara iliyokawiza uchunguzi, lakini madai ya idara hayafi kwa kuchelewa, kwa sababu haina madai. Yanayokufa ni ya mtumishi. Alichopewa mtumishi ni ruhusa hii: siku 180 zikipita tangu alalamike rasmi bila uamuzi wa mwisho, au siku 180 tangu akate rufaa bila Tume kujibu, aweza kuwaacha wote wawili na kwenda mahakamani. Na hizo pia, mwambie mwanao azihesabu mwenyewe, kwa kuwa hakuna atakayempelekea barua kumwarifu kuwa zimetimia.

Wasalaam,
Ndugu yenu